Njia ya Ng'ombe Chini ya Maji

Jumatatu, 4 Agosti 1997. Mtera.

Nimepinduka mara saba leo. Ya nane nilibaki juu. Maji masikioni, maji puani, maji mpaka ndani ya mfuko wa shajara, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Nimefurahi kupita kiasi.

Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja. Unakaa umenyoosha miguu ndani, na kiunoni unavaa kitu kama sketi kinachofunika tundu ulilokalia ili maji yasiingie. Halafu unajipindua makusudi. Kichwa chini, unavuta sketi, unachomoka, unaibuka. Mwalimu Elias anasema woga wote uko hapo tu. Ni mtu wa Ukerewe, amefundisha Zambezi miaka mingi. Haongei ovyo. Namkubali.

Tunaojifunza tuko watatu, nafasi za kazi mbili. Bwana Lyimo, mwenye kampuni, alisema wazi kabla hatujatoka Dodoma: Jumamosi anachagua wawili wa kuongoza watalii wake hapa bwawani, wa tatu anapewa asante na nauli. Sasa Salum kazaliwa Bagamoyo, majini kama yuko barazani kwao. Kapita tayari, tusidanganyane. Neema ni binti wa Area D, kamaliza kidato cha sita, Kiingereza kinamtiririka. Na mimi Yudith, bibi mifugo niliyepunguzwa kazini mwaka jana baada ya miaka kumi na saba ya kuchanja ng'ombe wa watu. Arobaini kamili.

Nikikosa, naenda Singida kumuuzia kaka dukani kwake. Keshanitengea chumba. Wifi keshanitengea na kazi za jikoni. Sitaki. Naandika tena: sitaki.

Jumanne, 5 Agosti

Mikono imechubuka. Kafi la kayaki lina bapa huku na huku, unachota kulia, unachota kushoto, na kumbe kazi si ya mikono, ni ya kiuno. Nikaelewa saa tano. Wenzangu bado wanachota kwa mabega. Jioni walikuwa wanaugulia, mimi nasonga ugali.

Salum ananiita Mama Ng'ombe. Anataka tuseme omo na tezi. Nimemwambia kwetu vitu vina mbele na nyuma, na nyuma ndiko kwenye mkia. Kacheka mpaka kafi likamponyoka. Kijana mzuri, tatizo anajijua.

Tulipofika mahali pa kulala Elias akataka mahema yawe pale penye mchanga laini kando ya maji. Nikatazama chini. Mavi, tena mabichi, yametawanywa kwa mkia pande zote. Mavi ndiyo taaluma yangu. Nikamwambia, "Mwalimu, hapa ni mlangoni kwa kiboko." Akainama, akatazama, akanyanyua hema lake mwenyewe. Tumelala juu kwenye mawe. Mgongo unauma ila roho iko kwatu.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi ya kuokoana. Mwenzio kapinduka, unamwendea, unageuza kayaki yake, unamwaga maji, unaishikilia sambamba na yako mpaka apande. Nilimpandisha Neema mara nne. Mara ya nne Elias alikuwa na saa mkononi, akasema, "Dada Yudith, hiyo ni sawa na Zambezi." Nimeiandika ili nikizeeka nisome.

Mtihani wenyewe ni kuongoza. Kila mmoja siku yake, kutoka kambini hadi gati la wavuvi ng'ambo, jioni gari linaturudisha. Kiongozi anachagua njia, wengine wanamfuata bila ubishi. Shida ni visiki. Bwawa lilipojazwa miti haikukatwa, ilikufa imesimama, na mwaka huu wa ukame na mgao wa umeme maji yameshuka, basi vichwa vya miti viko kila mahali. Vingine juu, vingine chini kidogo ya maji. Hivyo vya chini ndivyo vibaya.

Leo kaongoza Salum. Kazunguka mbali, nje ya visiki vyote. Tumetumia saa tatu na nusu. Tumefika salama, tumefika hoi. Elias kaandika kitu kwenye daftari lake.

Alhamisi, 7 Agosti

Zamu ya Neema. Alipita katikati ya visiki, kimoja kimoja, anapiga filimbi, anarudi nyuma, anajaribu tena. Saa nne nzima. Uangalifu anao, uamuzi hana. Alipofika alikaa chini palepale. Nikampa chai yenye sukari nyingi.

Mimi nina njia nyingine. Sijamwambia mtu zaidi ya Elias.

Kwetu kulikuwa hapa. Si karibu na hapa, hapa hapa, chini ya haya maji. Tulihamishwa nikiwa chuoni Mpwapwa. Niliondoka nikiacha kijiji, likizo nikaambiwa niende kwingine. Sikuyaona maji yakipanda. Lakini bonde nalijua. Kutoka huku tulikopiga kambi mpaka ng'ambo kulikuwa na njia ya ng'ombe, pana kama barabara, kwato zimeila mpaka haioti hata jani. Halafu mashamba yetu ya uwele na mtama, yamelimwa meupe, hakuna mti. Pasipokuwa na mti hapana kisiki. Ni hesabu ya kawaida.

Alama zipo. Unaweka ule mlima wenye mwanya katikati ya majabali mawili, unakwenda nao hivyo hivyo. Baba alitufundisha hivyo kurudisha mifugo kukiwa na vumbi. Elias akauliza, "Una uhakika?" Nikamwambia hiyo njia nimeipita miaka kumi nyuma ya mikia. Akakubali. Kesho nawaonyesha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mjini wanakula nyama.

Tulitoka saa moja asubuhi. Maji yametulia. Mlima kwenye majabali, mimi mbele, Neema, Salum, Elias nyuma. Kulia miti mikavu, kushoto miti mikavu, katikati peupe kama nilivyosema. Hakuna aliyegusa kitu. Saa nzima hivyo. Elias alisema neno moja tu: "Safi." Nilijisikia mkubwa. Nilianza kuimba.

Tukaingia kwenye mashamba, upepo ukaanza. Nikasikia mlio wa plastiki, kraa. Nikageuka. Kayaki ya Salum imesimama, imeinuka mbele, ikalala ubavu, ikapinduka. Nikasubiri kichwa. Hakikuja. Aliyezaliwa Bagamoyo, na kichwa hakiji.

Sikumbuki kugeuza. Nakumbuka niko pale, nimelala juu ya kayaki yake, mkono ndani ya maji mpaka begani. Sketi yake ilikuwa imenasa kwenye kitu. Nikaishika nikaivuta kwa nguvu zote, ikaachia, akaibuka anakohoa, macho mekundu. Akanishika shingo kama mtoto. Nikamwambia, "Shika kamba, si shingo." Akashika. Neema alishikilia kayaki zetu imara kabisa, nampa haki yake. Kidole cha Salum kimevunjika. Kayaki imepasuka chini, urefu wa kiganja. Elias akamfunga kamba akamvuta mpaka gati.

Ufukweni Elias akasema, "Kisiki. Hakuna ambaye angekiona. Uokoaji namba moja." Salum akasema maisha yake yote ataniita dada. Tunalala hapa gatini, Bwana Lyimo atakuja kesho asubuhi. Kazi kama nimeshaipata. Kila mtu amenipongeza.

Haikuwa kisiki.

Mkono wangu ulikishika kile kilichonasa sketi. Juu kina panda, na panda imechongwa kwa shoka ili ipokee boriti. Shubiri moja tu chini ya maji. Nilipoinua macho nikaona kivuli cha pili, cha tatu, vimekaa mstari. Ni nguzo. Nguzo za mbele za tembe. Udongo wa dari umeyeyuka, kuta zimeyeyuka, nguzo zipo. Na mlima umekaa vile nilivyouona kila asubuhi nikitoka nje kunawa uso.

Nimewapitisha juu ya nyumba yetu.

Nilihesabu miti, nikahesabu njia, nikahesabu mashamba. Nyumba sikuihesabu. Nilijua iko pale, mwisho wa shamba la mama, na bado nilikwenda naimba. Tangu tuhamishwe nimezoea kusema nyumba haipo. Nikaamini.

Elias hajui. Salum alikuwa chini, hajui. Nikinyamaza, kazi ninayo. Nina hasira na mimi mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimesema.

Nilimsubiri Bwana Lyimo ashuke kwenye gari, anywe chai, nikasema mbele ya wote ili nisirudie mara mbili. Kwamba haikuwa kisiki, zilikuwa nguzo za nyumba, nyumba yetu, nilijua kijiji kiko mbele na sikumwambia mtu.

Bwana Lyimo akaangalia kayaki yake iliyopasuka. Sura ikabadilika. Elias akasema mbele yao, "Anayeongoza asijue, nitamfundisha. Anayejua asiseme, ataniulia mtu." Yamenichoma. Ni ya kweli. Akafungua daftari, akakata mstari. "Mtihani wa jana umeanguka. Upepo haujaanza. Rudia."

Sasa hivi? Sasa hivi.

Nikaomba saa moja na madumu. Wavuvi wa gatini wakanipa ya mafuta ya kula, matupu, ya njano. Nilitangulia na Neema. Nguzo moja moja nilizipapasa kwa kafi na kwa mkono, nikafunga kamba kwenye panda, dumu likaelea juu yake. Sita. Zimeenea toka upande wa kulala mpaka upande wa zizi. Neema alinishikilia kayaki, akaniuliza jikoni kulikuwa wapi. Nikamwonyesha. Tulikuwa tunaelea juu yake. Sikulia. Nilikuwa na kazi.

Tukarudi gatini, halafu niliongoza. Salum na kidole chake akazunguka na gari; Bwana Lyimo naye aliingia kwenye kayaki, ya mazoezi, ameijaza mpaka plastiki inalalamika. Kabla hatujatoka nilisema kila kitu kwa mdomo: hapa njia, hapa shamba, hapa nyumba, madumu tunayaacha kulia, nikipiga filimbi moja kila mtu anasimama. Tukafika kambini kwa saa mbili kasoro. Upepo ulitukuta mwishoni tu. Hakuna aliyelowa zaidi ya Bwana Lyimo, na yeye alijimwagia mwenyewe.

Elias akaandika. Bwana Lyimo akasema Salum, kidole kikipona, na mimi. Alitaka nimchoree ramani ya chini ya maji aitundike ofisini. Nikamwambia ramani iko kichwani, na kichwa kinakuja na mwenyewe. Sina adabu wakati mwingine. Akacheka, akasema wageni wa kwanza ni Alhamisi.

Neema alilia. Nilimkumbatia. Bila yeye nisingefunga hata dumu moja, na nilimwambia Bwana Lyimo hivyo, akasema kayaki zikiongezeka atamwita. Namwonea huruma kweli. Nafasi siirudishi.

Nimeandika barua ya kaka humo humo kwenye gari tukirudi Dodoma. Mistari mitatu. Wifi atafute msichana mwingine.

Jumapili, 10 Agosti. Mpwapwa.

Nimekuja kwa mama na basi la asubuhi. Nimemkuta ametoka kanisani, anachambua mlenda. Shikamoo, marahaba, mbukwa, mbukwa, habari za njiani. Nikamwambia nimepata kazi. Akauliza ya serikali? Nikasema hapana, ya mtu binafsi, ya kuongoza wazungu majini. Akaguna. Akaendelea kuchambua.

Mama hajawahi kwenda kuyaona yale maji. Ukianza habari yake anatoka nje kuangalia kuku. Kwa hiyo nilisema haraka. Kwamba nguzo zimesimama.

Hakutoka nje. Mikono ilisimama juu ya ungo.

"Zote?"

"Za mbele, mama. Nimezishika kwa mkono wangu."

Akasema baba alichimba mashimo ya kufika kiunoni, na yeye alimgombeza wiki nzima kwamba mvua inakuja na mtu anachimba kama anatafuta dhahabu. Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike mzee. Nikamweleza madumu, ya njano, moja kila nguzo, sita. Nilieleza kwa maringo, nakiri.

"Saba," akasema.

Nikamwambia nilipapasa zote.

"Ya mlangoni ni fupi. Baba yako alikosea kupima, akaongezea kipande cha gogo juu. Hicho kipande kitakuwa kimeondoka. Maji yanashuka?"

Nikasema yanashuka kila wiki.

"Basi hiyo inakuja juu."

Akarudi kwenye mlenda wake. Nilikaa pale. Mlango ule ule niliotokea kila asubuhi, na nilipita juu yake mara mbili.

Tumekula. Nimeosha vyombo. Nimemwomba mama dumu lake la maji, liwe la saba, akanipa bila kuuliza, akanifungia na kamba ya katani juu yake. Basi la Dodoma linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.