Nilifuta Sauti ya Babu, Sasa Bibi Anaiulizia

Shangazi Blandina mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kukuomba unielekeze kabla sijarudi tena nyumbani Arash.

Mimi ni binti wa Kimaasai, nafanya kazi Karatu, na pamoja na rafiki yangu Cresensia wa Ganako tunatengeneza programu ya simu ya kuwafundisha watoto kuwaita ng'ombe kwa Kimaa, lugha yetu, yule mwekundu, yule wa madoa, yule mweusi mwenye tumbo jeupe, na sauti iliyokuwa inawaita wote ni ya babu yangu, nilimrekodi mwenyewe zizini akiwaita mmoja mmoja huku anacheka. Babu akafariki mwaka jana, na kwetu jina la marehemu halitajwi, basi mimi kwa heshima na kwa uchungu nikaingia kwenye programu nikaondoa jina lake, na kwa vile nilikuwa nalia nikaondoa na sauti zake zote, nikaweka yangu, kisha pale tunapoandika maelezo ya mabadiliko nikaandika "usafi" ili Cresensia asiulize. Simu niliyorekodia ilishatumbukia kwenye josho siku ya kuogesha ng'ombe, kwa hiyo sina pengine pa kuzipata.

Juzi nilikwenda kumwona bibi, macho yake hayaoni vizuri tena, akanishika mkono akasema, "Nalangu, niwekee babu yako anavyowaita ng'ombe, nisikie." Shangazi, nilimdanganya kwamba simu imeisha chaji. Nilipotoka nje kaka yangu Metui, aliyemsikia bibi akiomba, akanifokea, "Wewe naye na sauti zako, mwache marehemu apumzike! Unataka kutuletea mkosi?"

Programu yetu inatunzwa na Git, ule mfumo unaoweka kila toleo tulilohifadhi, najua matoleo ya zamani yapo, lakini naogopa nikiirudisha programu nyuma kazi yote aliyofanya Cresensia tangu wakati ule itapotea, na yeye hajui lolote, na tena naogopa kuvunja mila, na bibi ananisubiri. Nifanye nini?

Nalangu, Karatu

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Umenitoa machozi, halafu umenikasirisha. Usafi? Sauti ya babu yako ndiyo uchafu? Ungeandika ukweli siku ile, mwenzako angekuuliza una nini, na leo usingekuwa unahangaika peke yako.

Mambo ya mitambo nimemuuliza Jackson, anayeshughulikia tovuti yetu. Alicheka kidogo, akasema mwambie huyo dada hajapoteza kitu. Hulazimiki kurudisha programu nzima. Tafuta toleo la kabla ya huo "usafi" wako, chukua humo mafaili ya sauti peke yake, yalete kwenye programu ya leo. Kazi ya Cresensia haiguswi. Ila kabla hujagusa chochote, nenda ukamwambie yote, usimzunguke tena. Fungueni tawi la pembeni, yaani nakala ya kujaribia isiyowafikia watoto, mjaribu humo kwanza, na mkihifadhi, andikeni kwa maneno kamili kwamba mmerudisha sauti ya babu.

Kuhusu mila, mimi si Mmaasai na sitakufundisha ya kwenu. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kinachokatazwa ni kutaja jina. Bibi amelitaja? Amesema "babu yako", basi. Na babu mwenyewe humo hajitaji, anawaita ng'ombe wake. Kwa hiyo jina liache hukohuko kwenye toleo la zamani. Metui usigombane naye, naye amefiwa kama wewe. Mweleze kwa upole mbele ya bibi, na bibi ndiye aseme, maana mume alikuwa wake. Kama sauti zirudi kwa watoto au zisirudi, hilo familia itaamua baadaye. Za bibi ziweke kwenye simu ya bibi.

Usichelewe, mwanangu. Jaza chaji kwanza, kwa sababu hicho kisingizio umeshakitumia. Ng'ombe wakirudi jioni, kaa naye karibu na zizi, mwekee, halafu unyamaze. Usimweleze habari za matoleo. Akilia, mwache alie.

Akisema rudia, rudia.