Tangi la Lori la Othieno

Jumatatu, 10 Januari 1966
Nati tatu zimelegea, ya nne imeshika kutu. Tangu asubuhi nimelala chini ya lori, petroli inanidondokea shingoni. Lori ni la Mzee Othieno wa Kiyeyi, mwenye pamba. Tangi limetoboka tumboni, akaziba kwa sabuni ya mche kama madereva wote wa huku. Ikamfikisha Busia, basi.
Jioni nimelishusha tangi. Kulehemu si kazi yangu. Fundi wa mabati tuliye naye ni mdogo wangu Barasa, mtengeneza koroboi sokoni. Sitaki alishike.

Jumanne, 11 Januari
Sikulala vizuri. Ndugu yetu Wanjala alikufa Tororo akilehemu tangi nililompa mimi. Nilimwambia limekauka, likamlipukia. Miaka minne sasa. Mama hajalitaja jina langu tangu mazishi.
Lakini fundi mwingine sina, kwa hiyo nimempa Barasa tangi na masharti. Lisuuzwe mara tatu, likae juani siku mbili, kisha lijazwe maji mpaka karibu na tundu, ili mvuke wa petroli ukose nafasi. Akacheka. Eti amelehemu mamia ya koroboi zenye mafuta ndani na nyusi bado anazo. Mafuta ya taa si petroli! Kichwa kigumu kama kisiki. Nimekasirika hadi chai imenishinda.

Jumatano, 12 Januari
Othieno amekuja mara nne. Pamba yake iko nje na mawingu yamejikusanya upande wa Tororo.
"Fundi, mimi nakwenda kesho," akasema. "Na wewe ama na mwingine."
Nikamwambia amtafute huyo mwingine. Akaenda kwa Barasa. Nimewaona wakinong'ona. Sipendi.

Alhamisi, 13 Januari

Nilivuka mpaka kutafuta mpira wa bomba. Kurudi, nikaona moshi wa jiko nyuma ya gereji. Barasa ameliinamia tangi, chuma cha kulehemu chekundu mkononi. Maji ameyamwaga yote, bila shaka kwa kuwa yalipoza bati na lehemu haikushika. Lazima alikuwa amelijaza hadi kwenye tundu lenyewe. Harufu ya petroli ilinifikia mlangoni.
Ningepiga kelele, angeshtuka. Nikatembea polepole.
"Barasa," nikasema, "mama anakuita."
Akanitazama sana. Akakirudisha chuma jikoni, akapanda baiskeli, akaenda bila kuuliza neno.
Nikalibeba jiko hadi barabarani. Kisha nikayamwagia makaa maji.

Jumamosi, 15 Januari
Barasa amerudi asubuhi. Mwenyewe amelisuuza tangi tena, akaligeuza tundu juu, akamimina maji na kuyaacha chini kidogo ya tundu. Lehemu imeshika. Tumelipandisha wawili, yeye akiliinua, mimi nikikaza mikanda. Tumetia petroli. Hakuna hata tone linalovuja. Othieno ameondoka bila kuniaga.
Nikamwambia Barasa ukweli, kwamba mama hakuniagiza.
"Nilijua," akasema. "Mama hawezi kukutuma wewe."
Basi kwa nini aliondoka? Anasema uso wangu ulikuwa ule wa siku ya Wanjala.
Amemweleza mama yote. Mama akauliza kama Wandera anakula vizuri. Alisema hivyo hivyo, kwa jina langu. Nimemfanya Barasa arudie mara mbili.
Kesho, baada ya ibada, nitakwenda kumwona.