Piano ya Shule Haijafa, Wala Mimi Sijafa

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana ya Baiskeli.
Tarehe 9, mwezi wa tisa.

Mpendwa mpwa wangu,

Anayekuandikia ni mzee wa miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili, Mungu awarehemu, na madaktari watatu waliokuwa wakinikataza chumvi. Nimezipita umri hata piano nilizozikuta mpya, ambazo leo ni kabati za kuwekea sahani. Na bado mkoba wangu naubeba mwenyewe. Basi nisome kwa heshima.

Hujambo lakini? Mkeo na watoto wazima? Na mgongo wa mama yako, dada yangu, umetulia? Mwambie aache kuinua ndoo, yeye si winchi. Mimi mzima kabisa. Goti linalialia, lakini siku ya kazi linanyamaza lenyewe, kwa hiyo najua ni uvivu tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza fundi wa piano anayesafiri abebe nini, na mteja aambiwe nini. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini kwa hili umegonga mlango wenyewe.

Beba ufunguo wa kukazia nyuzi, kile chuma cha meno mawili kinachotoa sauti ukikigonga, kabari za mpira za kunyamazishia nyuzi, tochi, na waya wa akiba. Beba na namba za mafundi wenzako wa njiani, maana waya mnene utakukatikia mahali ambapo hata sindano haiuzwi. Zaidi ya vyote beba daftari. Kila piano iandike kama daktari anavyoandika mgonjwa: iko wapi, ulikuja lini, ulifanya nini.

Mteja mpigie simu kabla hujafika. Aondoe maua na picha juu ya piano, azime redio, asifagie wala asitwange kitu mpaka umalize. Na piano isikae dirishani kuota jua, hiyo si nguo. Mimi maneno haya nimemwandikisha binti yangu kwenye karatasi, naibandika ndani ya kifuniko cha kila piano. Chini yake kila fundi anaandika alichofanya.

Sasa sikia faida yake.

Shule ya wasichana ya hapa ina piano ambayo haikuguswa miaka kumi na moja, tangu nilipoihudumia mimi. Mahafali yakakaribia, na kwaya haiwezi kuimba bila piano. Mimi sikuitwa. Wakamwita kijana mmoja anayepima sauti kwa simu, mtaani wanamwita Mtaalamu. Kifuniko alifungua, karatasi hakuisoma. Akazikaza nyuzi zote kwa mkupuo mmoja, akapiga wimbo, akapigiwa makofi, akaondoka. Asubuhi yake nyuzi tatu zimekatika na zilizobaki zimeshuka zote. Akarudi, akatikisa kichwa, akasema, "Hii imekufa."

Mwalimu mkuu akamwahidi seremala mbao za piano hiyo. Seremala hakukawia, alikuja na futi kupima kifuniko.

Habari ikanifikia mezani. Binti yangu akasema, "Baba, hata wewe masikio yako ya siku hizi... Tuiache." Nikamwambia naenda. Akasema, "Haya, nenda. Lakini ukishindwa, mkoba unautundika ukutani, tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. 

Nilifika shuleni zimebaki siku nne. Mwalimu mkuu akaniangalia kuanzia viatu. "Mzee, Mtaalamu ameshindwa, tena ana mashine ya kupimia."

"Mashine haikushindwa, Mwalimu. Haikusoma karatasi."

Maana chini ya karatasi ile niliandika kwa mkono wangu: nyuzi zikilegea miaka, usizikaze siku moja. Ukikaza upande huu, mbao inabonyea kidogo, na upande uliokwisha kukaza unalegea. Kaza kijuujuu, iache ipumue, rudi. Hilo silijui kwa kuzaliwa. Nikiwa kijana niliikaza piano ya jaji kwa saa tatu, nikajisifu mpaka mlangoni, na keshoye nikaitwa nirudi kwa aibu. Hii siwaambii watu.

Siku ya kwanza nikafunga waya mpya tatu, nikakaza kijuujuu. Siku ya pili sikuigusa. Seremala akapita mara mbili kuuliza, "Bado haijafa tu?" Siku ya tatu nikaanza kukaza kwa kweli. Nyuzi nene zikatii, za kati zikatii. Nikafikia zile nyembamba kabisa za mkono wa kulia, nikabonyeza, nikasikia mbao inagonga. Sauti ya uzi wenyewe sikuisikia.

 Ningeweza kukisia na kufunga mkoba. Lakini kwaya ingeaibika mbele ya wazazi.

Nikamwita mwalimu mkuu. Nikamwambia, "Mwalimu, hizi za juu sizisikii tena. Naomba masikio yako." Katika maisha yangu neno hilo nilikuwa sijawahi kumwambia mtu.

Nilidhani atacheka. Akavuta kiti. Nikamfundisha: kila noti ya huku juu ina nyuzi tatu, zisipopatana utasikia sauti inayumba, zikipatana inanyooka. Mimi nageuza ufunguo, yeye anasema. "Inayumba. Bado inayumba. Umepita, Mzee, rudi! Hapo. Hapo hapo, usipumue!" Tulimaliza noti zote, yeye ametoka jasho kunishinda. Kwa hiyo andika na hili daftarini mwako: sikio la mteja ni kifaa.

Siku ya nne nikaipima tena. Haikushuka hata unywele.

Siku ya mahafali kwaya iliimba nyimbo sita, na watu walisimama wote. Mtaalamu alinifuata akainama, akaniambia, "Mzee, naomba kuliona daftari." Nikamwonyesha. Sasa tunasafiri pamoja: za juu anazipima yeye kwa simu yake, na karatasi anaisoma, nahakikisha. Mkoba nimeubeba leo hii hii, binti yangu akiutazama.

Nisalimie dada yangu, nisalimie shemeji mvuvi wa usingizi, na mwanao yule Chiriku aache kupanda juu ya piano za watu. Mungu akulinde njiani, akupe mkono mwepesi na wateja wasiotwanga.

Kama wasema mjomba anatia chumvi, muulize mwalimu mkuu. Yeye ukimtilia shaka, muulize seremala: mbao amekosa, hanipendi, na hata yeye alipiga makofi.

Ni mimi nikupendaye bila kulegea,
Mjomba wako.