Jina Ambalo Sikulisoma Alfajiri ya Pasaka

Mpendwa Tata, baba yangu,

Leo ni Jumatatu ya Pasaka. Mvua imetushikilia hapa Kisondela tangu asubuhi, nami nimekaa kwenye kiti chako, kile ambacho hukumruhusu mtu kukikalia. Nakuandikia kwenye karatasi niliyoichana kwenye daftari lako, lile la majina ya marehemu. Ungekuwepo ungeuliza ni nani aliyeniruhusu kulichana. Hakuna aliyeniruhusu.

Nimeona nikuambie mwenyewe niliyoyafanya jana kabla hujayasikia kwa wengine. Wazee wenzako wawili wa kanisa wako hoi kitandani, na huko uliko watafika na maneno.

Nianze na mazuri, usije ukasema nimekuja na ghadhabu tupu. Nakumbuka Jumamosi za kuamkia Pasaka. Tulikuwa tunatoka makaburini kufyeka na kupanda maua, miguu imejaa udongo, tunakukuta jikoni unafanya mazoezi ya majina. Mama anakoroga uji, wewe unasoma, kisha unamuuliza, "Sauti inafika migombani?" Mama anajibu, "Inafika mpaka barabarani, baba. Kunywa uji." Kesho yake, kabla ya jua, kanisa zima linasimama makaburini kwenye ukungu, nawe unawasoma waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Kila jina likitoka, matarumbeta yanapuliza mstari mmoja wa wimbo. Watu walikuwa wanasema, ukisomwa na yule mzee, umesomwa. Nilikuwa najivunia, Tata. Nilidhani hata Kyala, Mungu mwenyewe, anasubiri ukohoe ndipo afungue mlango.

Na nakumbuka siku kaka yangu Ambokile alipokalia tarumbeta la kanisa akalipinda. Alikuwa na miaka tisa. Ulikuwa umeshanishika mimi sikio, ndipo akaja mwenyewe, akasema ni yeye. Ukamwachia. Ukasema, "Mtu akisema kweli mbele yangu, simpigi." Mwaka huohuo ukaanza kumfundisha kupuliza. Ambokile aliyabeba maneno yale mpaka utu uzima, na hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua.

Maana alikuja kukuambia kweli nyingine. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amerudi kutoka Mbeya alikokuwa anafunga umeme kwenye majumba, nawe umeshaongea na wazazi wa binti mmoja wa Nkunga bila kumuuliza. Mlikuwa migombani. Mimi nilikuwa chini ya mparachichi naokota yaliyoanguka, nikasikia yote.

"Tata, usimwahidi binti wa watu," alisema. "Yupo mwanaume ninayempenda. Nimeomba miaka mingi niondolewe hili, sijaondolewa. Sitaki kumdanganya mtoto wa mtu, wala sitaki kukudanganya wewe."

Hukumpiga. Ulitimiza neno lako. Ulikata mkungu wa ndizi, ukaubeba begani, ukaingia ndani. Nikafikiri, kumbe Tata amemeza, taratibu atakubali. Mjinga mimi.

Wiki mbili baadaye ilikuwa Pasaka. Usiku wa kuamkia ulimwambia, "Usichelewe makaburini." Akawahi. Akasimama kwenye mstari wa matarumbeta, mkono wako wa kulia kama kila mwaka. Ukasoma majina sita. Kisha, kwa sauti ileile inayofika barabarani, ukasoma la saba: "Ambokile, mwanangu."

Matarumbeta yakapuliza. Kwa mazoea, Tata! Jina likisomwa wanapuliza, hawana muda wa kufikiri. Na Ambokile naye akapuliza. Mwanao alijipigia mwenyewe wimbo wa marehemu, tena vizuri, kama ulivyomfundisha, mpaka nusu ya mstari akili ilipomrudia. Sauti yake ikakatika, wenzake wakamalizia. Akaliweka tarumbeta juu ya majani yenye umande, akateremka barabarani, akapanda bodaboda. Wewe ulikohoa, ukaendelea na sala.

Mama alilia siku hiyo hadi akazimia. Ukamwambia, "Nampenda, ndiyo maana nimemzika. Nikimchekea nitampeleka motoni." Upendo wa namna gani huo unaohitaji jeneza? Ulikuwa unausoma upendo kwenye harusi za watu, huvumilia, haujivuni, hauhesabu mabaya, hadi maharusi wanafuta machozi. Na mzee mwenzako alipompa mimba binti wa kwaya, ulimfungia Meza ya Bwana miezi mitatu, mkamwombea, ukamshika mkono akarudi kukaa kiti cha mbele. Ulisema sisi ni nani hata tumhukumu. Nilikuwepo, nilikusikia. Kumbe neno hilo lilikuwa na majina ya watu, na jina la mwanao halikuwemo. Mkuki kwa nguruwe, Tata.

Halafu mama akaugua. Alimwita Ambokile siku nne mfululizo. Nikakupigia magoti hapa, mbele ya kiti hiki, nimpigie simu aje. Ukasema, "Wafu hawaji kuaga wagonjwa." Mama akaenda bila kumwona. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nasema mzazi yule alikuwa mmoja tu nyumba hii, na hakuwa wewe. Hilo sikusamehe. Naliandika hapa lisomeke.

Kisha kiharusi kikakushika, kikachukua sauti. Nilikuosha. Nilikulisha uji kwa kijiko, nikakufuta kidevu. Watu wakanisifu, "Ndaga, asante Tumpe, una upendo." Hawakujua nilichokuwa nawaza nikikushikia kijiko. Wazee wa kanisa wakaja kuuliza nani atasoma majina. Ukaninyooshea daftari mimi. Na siku moja, kwa ile sauti iliyobaki, ukanivuta mkono ukasema, "Usinisahau kwenye daftari."

Hukutaka kingine. Mtu aliyewasoma wenzake maisha yake yote alitaka na yeye asomwe.

Nikakujibu, "Nimesikia, Tata." Sikusema ndiyo. Hukugundua, ulilala.

Tulipokuzika wakati wa baridi, Ambokile hakuja. Aliniandikia ujumbe mfupi: "Marehemu haendi msibani." Nilicheka mbele ya waombolezaji, wakadhani nimechanganyikiwa kwa majonzi.

Sasa jana. Ambokile alikuja, nilimwomba mimi. Alisimama nyuma kabisa, kwenye uzio, na lile tarumbeta aliloliacha kwenye umande, nililoliokota nikalificha chini ya kitanda changu miaka yote hii. Sikumwambia nilichopanga. Nikafungua daftari. Nikasoma majina matano, sauti yangu haitetemeki, matarumbeta yakajibu. Nikalifunga.

Watu wakatazamana. Mchungaji akaninong'oneza, "Bado mzee wetu."

"Nimemaliza, mchungaji."

"Binti yangu, ni baba yako."

"Ndiyo maana najua nimemaliza."

Nilikutazama palepale chini, kwenye maua ambayo sikuyapanda mimi, nikasikia raha. Nakwambia kweli, maana ulitufundisha tuseme kweli: nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia kanisani.

Ndipo kule kwenye uzio likalia tarumbeta moja. Mstari mmoja, mzima, hakukatika katikati. Na wenzake mbele, kwa mazoea yaleyale, wakaingia wakamfuata. Umepigiwa, Tata. Aliyekupigia ni yule uliyemzika.

Nilimkasirikia njia nzima. Nikamuuliza kwa nini ameniharibia. Akasema, "Ndiye aliyenifundisha kupuliza," basi, akaomba chai. Alikataa kukaa kwenye kiti hiki, akavuta kigoda. Yule mtu wake alimpigia simu mara mbili kumuuliza kama amekula. Mara mbili, asubuhi moja! Nikajaribu kukumbuka ni lini ulimuuliza mama kama amekula. Bado najaribu. Na ndio hao uliosema hawajui upendo.

Jioni mchungaji akaja na mwavuli wake. Akanisihi niandike jina lako ili lisomwe ibadani Jumapili, watu wasahau. Nikamwambia nitaliandika siku atakaposimama palepale makaburini, alfajiri, mbele ya watu walewale, atangaze kwamba Ambokile yu hai na ni mtoto wa kanisa hili.

"Hilo gumu, Tumpe. Litaleta maneno."

"Basi na hili la kwangu gumu," nikasema.

Ambokile alikuwa mlangoni. Alisema, "Mwandike tu, Tumpe. Mimi nimeshamaliza naye." Yeye amemaliza. Ana moyo wa mama. Mimi nina moyo wako, watu wote wa hapa wanasema tumefanana, na ukitaka kujua mkono huu ulijifunza wapi kumnyima mtu jina lake, uliza ule uliokuwa unashika daftari kabla yangu.

Wengine wataniambia Mkristo husamehe. Najua. Naomba kila siku, na kila nikifika kwenye kile kipande cha kuwasamehe waliotukosea nanyamaza, wenzangu wanaendelea, nawadaka mbele kidogo. Kama ni dhambi nitaijibu mwenyewe, sitamtuma mtoto.

Lala, Tata. Mvua inapungua, Ambokile anafunga begi, nataka nimsindikize hadi barabarani. Kabla sijafunga daftari nimelifungua tena ukurasa wa Pasaka ile. Jina lake limo, kwa mwandiko wako, wino haujafifia. Lako halimo. Siku wakilitoa lake kwa wafu nitaliweka lako, na kalamu ninayo.

Mimi binti yako,
uliyemwachia daftari.