Jiwe Alilopima Mama

Nyasura, Bunda, 3 Machi 1986

Mwanangu Wankyo,

Hujambo huko kwa shangazi? Sisi wazima, ila mwiba umenichoma, nachechemea.

Tuliohamishiwa vijijini mwaka 74 tunaruhusiwa kurudi mahame yetu ya zamani, lakini uonyeshe palipokuwaga kwenu. Jirani Machage anapataka kwetu alime pamba. Anasema mawe manne yaliyobaki ya boma la babu yako ni mawe ya shamba tu. Babu alifunga kamba kwenye nguzo ya katikati akazunguka nayo, ndiyo maana mawe yote yako umbali mmoja toka nguzo. Sasa pale kwenye nguzo mchwa wamejenga kichuguu kinanizidi urefu, kamba haipiti. Ulisema mnayo hesabu ya umbali bila kamba?

Tumehesabu hatua toka kona ya barabara, mashariki kwanza, halafu kaskazini. Kichuguu 20, 20. Mawe: 26, 28; 12, 26; 30, 20; 24, 12. Wazee wanakuja kuamua tarehe 22.

Baba yako, Magesa

Kamunyonge, Musoma, 8 Machi

Shikamoo baba. Pole na mwiba. Mimi mzima, sabuni tu ndiyo hakuna.

Baba, hesabu tamu hii! 26 toa 20 ni 6. 28 toa 20 ni 8. Kila moja izidishe yenyewe, jumlisha: mia. Kipeuo chake cha pili ni 10. Jiwe la pili, 10. La tatu, 10! Nimeruka mpaka shangazi akadhani nimeona nyoka.

La nne halifiki hata 9. Nimerudia mara tano. Mwalimu anasema mawe yoyote matatu yasiyo kwenye mstari mmoja hayakosi duara la kuyapitia; la nne ndilo shahidi. Nimelia, baba. Nani alilipima?

Mwanao, Wankyo

Nyasura, 13 Machi

Mwanangu, salama?

Mama yako alilipima, mguu ulikuwa umenishinda. Nimemfokea kwamba hajui kuhesabu. Amenuna, akarudi kupima, akapata 24, 12 zilezile. Labda Machage anasema kweli.

Baba yako

Kamunyonge, 17 Machi

Shikamoo baba, mguu vipi?

Mama hajakosea! Hukumbuki tukienda kanisani? Ukipiga hatua tano yeye anapiga sita, analalamika unamkimbiza. Basi 24 zake ni 20 zako, na 12 ni 10. Piga tena: kumi kamili! Muombe radhi, tafadhali.

Mwanao

Nyasura, 24 Machi

Wankyo mama, sijui nikushukuruje.

Machage alikataa hatua zetu, akapima mwenyewe kwa miguu yake mirefu. Karani wa kijiji akapiga hesabu yako: tisa, tisa, tisa, tisa, yote sawa. Tumepewa mahame yetu.

Mama yako nilimwomba radhi mbele ya wazee. Amenisamehe, ila anasema mlango wa boma utakaa kwenye jiwe lake.

Baba yako, Magesa