Bibi wa Chumba 114 Hashuki

Jumamosi, 9 Septemba

Passau. Siku ya kubadilisha wageni melini. Vyumba ishirini na viwili, mimi na mgongo wangu!

Asubuhi meneja Obermoser kaniita. Eti Terka, haya malalamiko ya pili, ukimwaga tena habari za wageni unarudi kwenu Baja ukaparue samaki. Kisa? Nilisema tu nywele za yule bwana wa 207 usiku zinalala juu ya taa. Si kweli? Mimi ndiye ninayefuta vumbi!

Basi nimenunua daftari. Maneno yakinijaa nayamwaga humu. Daftari halina mdomo.

Wageni wapya: wamama sita na baiskeli zao, mapaja utadhani wabeba magogo. Maharusi — wameshagombana, na sanduku hawajafungua. Babu mmoja na ukoo mzima, wajukuu pacha wa miaka saba wanaojua jikoni kuliko mpishi. Kila umri upo. Nasubiri tu mimba ijikatie tiketi yenyewe.

Wa zamani wote wameshuka. Kasoro Bibi Hedwig wa 114. Safari ya nne mfululizo! Nabadilisha mashuka, yeye kakaa kitini ananipigia makofi.

Jumapili, 10 Septemba

Siku nzima mashamba ya mizabibu kushoto na kulia. Wageni wanapiga picha. Mizabibu ileile, picha mia nne.

Bibi Hedwig katoboa siri! Ana miaka themanini na tatu. Binti yake Gudrun anajua mama yuko kwenye chemchemi za maji ya moto anakanda magoti. Kumbe mama yuko hapa anakula keki ya tufaha. Na huko Straubing Gudrun kashamtafutia chumba, nyumba ya kulelea wazee. Kinamsubiri.

"Kule, mwanangu, supu saa kumi na moja, taa zinazimwa saa mbili," kasema. "Dirishani ukuta wa gereji. Hapa nimekaa zangu, miji inanijia yenyewe. Leo kanisa, kesho ngome. Umri wangu huu, nani mwingine anafuatwa na ngome?"

Nikacheka mpaka mto wa kitanda ukaniponyoka. Nikamwambia siri yako nimeimeza, Bibi.

"Wewe? Tangu lini unameza?"

Nimeimeza! Hapa kwenye daftari haihesabiki.

Jumatatu, 11 Septemba

Vienna. Gati limejaa, tumefungwa ubavu kwa ubavu na meli pacha yetu. Kampuni moja, zulia moja, hata maua ya plastiki yaleyale. Wageni wetu wakitaka kushuka wanapitia ukumbini kwao.

Kilichotokea ndicho kinachotokea kila mara. Bwana harusi karudi kutoka mjini kalewa, kaingia 209 — ya wenzetu! Kalala. Mwenye chumba ni mjane wa Graz. Eti hakuona haraka ya kumwamsha. Bibi harusi kamfuata na kiatu mkononi. Hilo nalo simwambii mtu. (Nimemwambia mpishi tu.)

114 nikafungua pazia, ukinyoosha mkono unagusa dirisha la wenzetu. Mzee mmoja, taulo kiunoni, ananyoa ndevu. Mimi nikafunga macho nusu. Bibi Hedwig hakufunga hata robo, kamwinulia kikombe cha kahawa. Mzee naye akainua wembe. Taulo likabaki linajitegemea.

"Mungu ni mwema," kasema Bibi.

Jumanne, 12 Septemba

Bratislava. Niukate huu ulimi?

Nilikuwa natandika 114. Bibi bafuni anaimba. Simu yake ikalia. Ikalia. Ikalia tena! Binadamu gani anaweza kuiacha simu ikalia hivyo? Nikapokea.

Sauti ya mwanamke: Mama?

Nikasema mama anaoga, mpigie baadaye. Au njoo umwone, Ijumaa tuko Linz, tunakaa mpaka saa kumi jioni.

Akanidaka: "Tuko? Nyie nani?"

Nikasema mimi Terka wa vyumba, na mama yako mchangamfu jamani, jana kacheza na mpishi mpaka kiatu kikachomoka!

Kisha polepole: "Meli gani?"

Na mimi, ng'ombe mkubwa, nikaitaja.

Jumatano, 13 Septemba

Budapest. Sijamwambia Bibi. Kanipa chokoleti. Nimeitia mfukoni, hailiki.

Alhamisi, 14 Septemba

Tunarudi juu, mto unatusukuma nyuma, na mimi moyo unanisukuma nyuma. Nikaingia 114, nikafunga mlango, nikasema yote. Mpaka la kiatu.

Bibi Hedwig hakugomba. Bora angenitukana! Alitazama nje. Mtu na mbwa wake ukingoni, wakapita. Kijiji kikapita.

"Atakuja," kasema. "Gudrun akisema hasemi mara mbili." Halafu: "Gauni la bluu linaweza kupigwa pasi?"

Nikapiga pasi gauni lile nikilia. Mikunjo yote ikaisha, machozi bado.

Zdenka wa mapokezi ndiye kaleta akili. Kesho Linz tutafungwa na pacha wetu tena, yeye saa kumi anashuka kwenda Budapest, sisi tunapanda. 118 yao iko wazi. Kampuni moja, kompyuta moja. Bibi akasema niandikie, nalipa.

"Na Gudrun?" nikauliza.

"Nitamwandikia barua. Barua haimshiki mtu mkono ikampakia kwenye gari."

Ijumaa, 15 Septemba

Linz. Saa tisa na nusu na zaidi. Niko stoo ya mashuka, nimefunga kwa ndani.

Saa nane na nusu nimevusha sanduku la Bibi chini ya taulo chafu, kama magendo. Bibi kapita ukumbini kwa gauni la bluu, anachechemea kama malkia. Pale 118 ya wenzetu kakaa kitini, kavua viatu. "Haya, nenda. Na Terka — nyamaza dakika tisini tu. Unaweza?"

Nikasema naweza.

Saa tisa Gudrun kaja. Nilitegemea jini! Ni mwanamke wa makamo, macho yamechoka, mkononi koti la mama yake na chupa ya dawa. Zdenka kamwambia mgeni wa 114 ameshuka mjini. Akasema atasubiri. Mimi napita na ndoo, sijasema kitu, nimesema tu "samahani mama, miguu." Akageuka.

"Sauti hii naijua. Wewe ndiye Terka."

Nikakimbia! Na ndoo!

Sasa yuko hapo mlangoni. Hapigi kelele. Anagonga kwa kidole kimoja. Kupitia mlango anasema Februari mama alianguka jikoni, akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka jioni, yeye yuko kazini, hajui. Anasema tangu siku ile simu ikilia mara tatu bila kupokelewa, anaacha kazi anakimbilia gari.

Kumbe ndiyo maana Jumanne simu ililia vile.

Bibi hili la sakafu hakuniambia. Yeye naye anajua kumeza.

"Terka, dada yangu, sikuja kumchukua. Nimwone tu."

Kweli? Si kweli? Nitajuaje! Kwenye kidirisha cha stoo naiona 118 ya wenzetu, hatua mbili za maji. Bibi anakunywa kahawa. Magoti yameinuliwa kwenye kiti cha pili. Ana furaha mwanamke yule, sijui niseme nini. Mzee wa wembe kapita nje ya dirisha lake, leo kavaa suruali.

Naandika ili mdomo ukae. Mkono ukiwa na kazi mdomo unatulia, ndiyo dawa niliyoipata.

Saa kumi kasoro dakika nne. Wenzetu wanafungua kamba ya mbele. Nasikia mnyororo.

Gudrun hagongi tena. Nasikia anakaa chini, sakafuni, mgongo umegusa mlango.

Sakafuni.

Kamba ya nyuma bado, mtu anaweza kuvuka. Nimesimama. Naandika nimesimama, mkono mmoja kalamu, mwingine kwenye kitasa —