Anayechota Maji Yangu ya Majivu

Malaba, Jumapili mchana

Dada yangu Mkamburi,

Pokea salamu za mdogo wako, halafu uniambie ukweli kuhusu mgongo wa mama. Kila barua anasema hajambo, nami siamini. Watoto wako je, na yule wa mwisho ameacha kukohoa?

Barua hii inakuja na dereva wa lori anayeshuka Mombasa. Amekubali kuiacha dukani kwa shemeji hapo Voi. Bahasha nitaitia gundi mara mbili, kwa hiyo ukikuta imefunguliwa, nijulishe. Na tafadhali usimsomee mama.

Mimi ni mzima. Kazi ya kupiga chapa kwa wakala wa mizigo bado ninayo, ila sabuni ya unga imepanda bei hadi nimeachana nayo. Natengeneza yangu. Nachoma maganda ya ndizi na ya maharagwe, majivu nayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, namimina maji juu, nayo yanadondoka taratibu kwenye sufuria yakiwa na rangi ya chai ya mkandaa. Hayo nayachemsha pamoja na sabuni ya mche niliyoikwaruza. Blauzi zangu zinatakata kuliko za karani yeyote hapa mpakani, na sitanii.

Kopo na sufuria hukaa nje ya mlango, maana ndani hata mimi sitoshi. Mwezi uliopita nikaona maji yanapungua. Naiacha sufuria imejaa, nikirudi imebaki nusu. Unanijua nilivyo. Nikaanza kuchunguza nguo za wapangaji wote kwenye kamba, nione za nani zimetakata ghafla. Jicho likamwangukia Mama Amoit, Mteso mwenye watoto watatu, tunayepakana naye ukuta. Nguo zake zilikuwa vilevile, nami nikasema basi huyu anauza. Isitoshe, alikuwa akiniletea bakuli la kunde kila baada ya siku mbili tatu, bila sababu. Nani anakupa chakula bure mjini? Niliogopa ametia kitu. Nilikuwa natabasamu, napokea, halafu namwaga chooni.

Jumamosi ya wiki jana nilifika kikomo. Nilikuwa nimenunua kostiki soda, ile dawa inayounguza, kwa wapika sabuni wa Amagoro. Nikatia vijiko viwili katika yale maji, nikayaacha palepale, nikaenda kazini. Nilitaka mwizi achubuke mikono nimjue. Sikuwaza zaidi ya mikono, Dada, naapa.

Nilirudi saa saba. Sufuria ilikuwa imepungua. Mama Amoit alikuwa amechuchumaa kwenye jiko nje ya mlango wake, akaniita kwa furaha.

"Dada, leo lazima ukule hapa. Hizi kunde zimeiva haraka sana na abalang yako."

"Abalang gani?"

"Si hii maji ya majivu? Unatengeneza nzuri kunishinda. Kwetu Moding mtu akiweka nje ni ya kila mtu. Unachota ya kupika, halafu unarudishia mwenyewe mboga. Ama zile nilikuwa naleta hukupenda?"

Watoto wake walikuwa wamekaa kwenye mkeka, ugali mbele yao. Yule mdogo alikuwa ameshamega tonge, anangoja mboga. Niliipiga teke sufuria ya kunde ikamwagika yote mtaroni.

"Una wazimu?" alipiga kelele. "Chakula yetu ni uchafu kwako?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nilifungua mdomo ukatoka uongo.

"Mjusi! Nimekumbuka, asubuhi niliona mjusi amekufa ndani ya hiyo maji."

Alinikodolea macho, nikadhani amenijua. Kisha akaangua kilio, akawakumbatia watoto, akanikumbatia na mimi.

Sasa ploti nzima inasimulia nilivyookoa watoto wa Mama Amoit. Leo kanisani amesimama kutoa ushuhuda, akanionyesha kwa kidole, watu wakapiga makofi. Niliona haya. Na bado moyo wangu haukomi kushuku. Nikimwona anacheka na mwenye nyumba nahisi amejua zamani, ananichezea tu.

Sasa hivi ametoka hapa. Kesho alfajiri anaenda Moding kumzika shangazi yake, siku tatu. Ameniachia ufunguo.

"Watoto watakula kwako," amesema. "Hapa Malaba sina mtu mwingine naamini."

Nimeupokea, Dada. Mkono wangu umeupokea.

Nisalimie mama, shemeji, na mjomba yule wa mahindi ya kuchoma. Ushauri wako siuombi, maana hauwezi kufika kabla ya kesho. Nimekuandikia wewe kwanza ili nijizoeze kuyasema. Namsikia hapo ukutani anawafungia watoto nguo. Acha niende nikagonge.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho